Jumba la Miji

Mama alikuwa amesimama mbele ya picha ya baba, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, akaniuliza kwa upole kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Sadala, mwanangu, hivi mimi na baba yako tulijuana wapi?"

Dada yangu Riziki aliweka bisibisi chini. Mimi nikaweka kikombe cha chai.

"Kivumbasini, Mama."

"Kivumbasini." Alilitamka polepole, kama jina la mgonjwa wa jirani. "Nimelisikia. Ni upande gani huko?"

Alizaliwa huko. Aliolewa huko, akatuzaa huko. Kisha serikali ikajenga bwawa la umeme, nasi tukahamishwa nikiwa mtoto bado, na leo juu ya Kivumbasini kuna maji matupu na nguzo za waya. Tangu siku hiyo mji wetu uliishi vichwani mwa watu wake, na hakuna kichwa kilichoubeba vizuri kama cha mama. Watu wazima walikuwa wakimwendea kumuuliza mlango wa fulani ulitazama wapi, na kisima cha msikitini kilikuwa na ngazi au hakikuwa nayo. Alijibu huku akipepeta mchele, bila kuinua uso.

Mji huo aliupoteza kwenye arusi ya Riziki, akicheka.

Arusi za siku hizi hazikosi mchezo wa Karamu. Wachezaji wanne wanavaa utepe kichwani na mara wanajikuta kwenye ubao mkubwa kama uwanja wa mpira, wanarusha kete zenye ukubwa wa mbuzi, wanakimbiza kuku, wanasukumana matopeni, na wageni wanawatazama ukutani na kuvunjika mbavu. Shangazi zetu wazima wamewahi kugombana kwa sababu ya kuku wa mle ndani. Katikati ya ubao lipo Jumba la Miji. Hapo ndipo watu huchezea bahati. Kwingine duniani, nasikia, ukumbi huo una karata na magurudumu ya kuzungusha. Kwetu watengenezaji waliweka vitendawili. Walitusoma vizuri.

Mama alitegewa, akashindwa, akaambiwa: nipe mji.

Nani kati yetu hakulelewa na maneno hayo? Ukishindwa kitendawili, unatoa mji, unaambiwa jibu, mchezo unaendelea. Utotoni nimegawa Dodoma, nimegawa Nairobi, nimegawa Mombasa na daraja lake, na hakuna aliyeamka asubuhi akakuta Mombasa imeondoka. Lakini mama siku ile alikuwa anaoza binti. Kugawa miji ya watu aliona ni uchoyo. Akanyoosha mkono kama malkia, akasema, "Leo natoa wangu mwenyewe. Chukua Kivumbasini, na visima vyake!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mchezo ukalichukua neno lake kama lilivyo.

"Haujafutwa," Riziki aliniambia. Yeye ni fundi wa tepe. Kazi yake ni kuzifungua na kuziponya. "Mahali hapakai sehemu moja kichwani. Harufu iko huku, mlango uko kule, sauti ya jirani iko kwingine. Utepe unapita kote, unachukua nakala, halafu unaziba njia za kurudia. Mji umo. Mama hana ufunguo tu."

"Kwa nini wazibe? Si wachukue nakala wamwachie wake?"

"Kitu wanachokijua watu wawili hakina utamu wa kuchezewa, kaka. Wanataka kila mji uwe na mwenyewe mmoja."

"Na ufunguo?"

"Anao aliyemtegea, mtu anaitwa Chande. Ukimshinda mezani, unahama. Kabla hujakaa unaandikisha uende kwa nani."

"Ulilalamika kwa wenye mchezo?"

"Walijibu kwamba alisema kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi." Riziki alitabasamu kwa hasira. "Hata video ya vigelegele waliniletea."

Nikasimama. Mimi mashairi sikufundishwa na mtu. Mizani nilijihesabia kwa vidole kwenye foleni ya maji, vina nilivichuma kwenye khutba, matangazo ya mnada na matusi ya wapiga debe. Mtaani kwetu hakuna aliyejibizana nami akabaki na la kusema. Na beti zangu zote, hata za mapenzi, zina Kivumbasini ndani yake. Mtu huyo Chande alikuwa amekaa juu ya kigoda cha mama yangu.

"Nipe utepe," nikasema.

*

Kunguru aliyevaa kizibao chekundu alinipokea mlangoni. "Karibu mgeni! Vua viatu, usivue akili!"

Jumba lilikuwa na taa za rangi zilizojiwasha zenyewe kila mtu alipocheka, na viti vya watazamaji vilivyopanda hadi visionekane. Kila meza ilikuwa na mji mdogo katikati, chini ya kifuniko cha kioo, hai: moshi wa majiko, kamba za nguo, mbwa wadogo kama punje za mtama. Watu walikuwa wanakula njugu na kuchezea mitaa ya wenzao.

Niliandikisha jina la mama, Bi Siwema. Kisha nikaenda kwenye meza ya mwisho, alikokaa mtu mnene mwenye kofia ya kitambaa.

Nilivuta kiti, nikakaa.

"Siku hizi watoto hawaamkii?" aliuliza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa naweza kukufilisi kwa adabu." Watazamaji wakacheka, taa zikawaka. "Unaitwa nani?"

"Sadala. Malenga."

"Malenga! Nani kakupa hilo jina?"

"Nimejipa."

"Ndiyo maana halijakukaa sawasawa."

Kunguru alipiga mbawa. Kanuni ya Jumba ni kwamba kinachoshindaniwa lazima kionyeshwe kwanza. Chande akainua kioo, nasi tukaingia.

Kivumbasini yangu ilikuwa fupi. Niliijua kwa urefu wa kifua cha mtoto: magoti ya watu, matumbo ya mbuzi, vichaka vya kivumbasi vilivyonifika puani. Hii ilikuwa ya mama, na ilikuwa na mapaa. Niliona juu ya ukuta wa mzee Makame, ambao maisha yangu yote nilikuwa nimeuona chini tu, na pale juu palikuwa na vipande vya chupa za kijani vinavyong'aa. Nilisimama kama mjinga, nikivitazama.

Chande hakuvitazama. Alikuwa amekwisha kuvua ndara na kukimbia.

Alikimbia hadi kisimani, akarudi, akakimbia tena, tumbo lake likitikisika, akiruka mitaro iliyohitaji hatua moja tu. Watu wa mji walimwita kwa jina la mama. "Siwema, polepole!" "Siwema, ndoo imesahaulika!" Naye akawapungia mkono kama mbunge.

Kwenye kona ya gereji ya baiskeli alisimama. Kijana mmoja mwembamba, mikono imejaa grisi, aliinua uso kutoka kwenye gurudumu.

"Siwema, leo umechelewa," alisema kijana yule, na sauti yake ikapasuka kidogo katikati.

Chande alinigeukia, akanong'ona. "Huyu ananipenda sana. Mwanzo nilikuwa naona aibu, sasa nimeshazoea."

"Huyo ni baba yangu," nikasema.

Nilikuwa nimemkamata kwa ukosi wa shati kabla sijajua. Mle ndani ngumi haziumizi, lakini nilikuwa tayari kujaribu. Chande hakupigana. Kitambaa cha bluu kilichokuwa kichwani pake kilimdondoka, akakiacha.

"Basi wewe ni mtoto wa mwenye mji," alisema.

"Ndiye mimi."

"Nilijua siku moja mtakuja." Alijitoa mikononi mwangu taratibu. "Nilikuwa dereva wa lori. Lori lilianguka, mimi nikabaki, mgongo haukubaki. Nalala kwa mpwa wangu. Ananigeuza asubuhi na jioni kama chapati. Nilianza kucheza kwa kuchoka dari. Nilishinda miji, nikashindwa miji. Yote ilikuwa ya watu waliokaa: ofisini, dukani, ndani ya magari. Kisha mama yako akanipa huu." Alikanyaga vumbi kwa nguvu, likaruka. "Mama yako hakuwahi kukaa, kijana. Kila siku alikwenda kisimani mbio. Mimi hapa nina miguu. Ile mingine yote niliiacha, nimebaki na huu tu. Ukiutaka, uutoe mezani. Bure sitoi, hata ukilia."

"Sitalia."

"Naona. Uso wako haujafundishwa kulia."

*

Kabla ya pambano wachezaji huruhusiwa kupumua. Nilivua utepe. Sebule ilikuwa na jua la alasiri. Riziki alikuwa ameona yote ukutani. Mama alikuwa ndani akiimba wimbo nusu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa ya huko.

"Anajua kukimbia tu," nikasema. "Ana mji mzima, na anakimbia ndani yake kama uwanja wa mazoezi. Juu ya ukuta wa mzee Makame hajawahi kupatazama hata mara moja."

"Kwa hiyo unamnyang'anya?"

"Ni wa mama."

"Ni wa mama," alikubali. "Si wewe uliyemvunja mgongo yule mzee."

"Wala si yeye aliyemlaghai mama. Alitega kitendawili arusini, akapewa alichopewa." Nilipiga meza. "Riziki, wale waliojenga Jumba wako wapi? Mimi nimekuja na panga langu, na waliowekwa mbele yangu ni mlemavu na mama yangu!"

"Wako nyumbani kwao, wanakula. Utawafuata siku nyingine, na mimi nitakubebea begi. Leo jibu moja tu: unarudi mezani au hurudi?"

Kutoka ndani mama aliuliza, "Jamani, nani anakumbuka wimbo huu unavyoendelea?"

Nilivaa utepe. Nilikuwa nimeamua nusu. Nusu nyingine niliiacha ikanifuate huko huko.

*

"Kitendawili!" Chande alianza.

"Tega."

"Mwenyeji hamuoni, mgeni humuona tangu mlangoni."

"Ufa wa ukutani. Mwenye nyumba ameshauzoea."

Watazamaji walipiga miguu chini. Nikatega yangu, akajibu kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Akatega, nikajibu. Alikuwa hodari, na aliufurahia mchezo. Kila nilipojibu alinyanyua kofia, kila alipojibu aliniuliza kama malenga hutegemea vitendawili vya chekechea. Nilimpenda kidogo, na hilo lilinichukiza sana.

Kisha nikasimama. Nilikuwa nimekuja na kitendawili changu kutoka nyumbani, lakini kilipata umbo pale pale kisimani, nilipomtazama akikimbia njia ya mama bila kujua amevaa nini kichwani.

"Kitendawili."

"Tega, malenga."

Nikaimba kwa sauti ninayoitumia mtaani, ile inayozima redio za watu:

*Husafiri mbali mbali, kiti chake ni kichwani,*
*mzigo auhimili, hapati hata shukrani,*
*mzigo ukiwasili, hutupwa yeye pembeni,*
*nipe jibu la asili, au mji mkononi.*

Chande alifikiri huku akijigusa paja, kama mtu anayejihakikishia kitu.

"Kofia," alisema.

"Kofia haibebi mzigo."

"Punda. Punda kichwani? Hapana, hapana, usihesabu hiyo!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aligusa paja tena. "Nywele."

Kunguru aligeuza kichwa upande. "Jibu, au mji."

Niliona macho ya mzee yakienda kisimani, yakirudi, yakitafuta kwenye njia nzima ile aliyoipita kila siku, wala yasione.

"Nakupa mji," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Sema jibu."

"Ngata."

"Ngata." Aligusa utosi wake. "Kitambaa cha kuzungusha. Cha kanga kuukuu, ya bluu. Nilikuwa naivaa kila siku!"

"Uliivaa. Mama aliisokota kwa mikono yake."

Mji mdogo ukatoka chini ya kioo, ukaondoka mezani kama mvuke. Mahali fulani nyuma yangu, nje ya Jumba, ndani ya nyumba yetu, nilisikia sahani ikianguka na mama akiita jina la baba. Mbele yangu mtu mnene mwenye kofia alipungua. Mwili wake wa mchezoni ulitafuta miguu, ukakosa. Akabaki ameegemea kiti, mikono juu ya meza, kama alivyolala kwao.

Watazamaji walishangilia jina langu. Malenga! Malenga! Nilikuwa nimelisubiri neno hilo maisha yangu yote kutoka kwenye vinywa vingi namna ile, nalo lilinijia mdomoni kama ubwabwa usio na chumvi.

"Zamu ya mwisho ya Chande kutega," Kunguru akatangaza, "kisha ainuke."

"Nitainukaje, ewe ndege," Chande alisema. Watu wengine wakacheka tena. Alikuwa amechoka. Hakunitazama. Akatega kama mtu anayezima taa kabla ya kutoka. "Kitendawili."

"Tega."

"Akilala, wageni wamejaa. Akisimama, nyumba tupu."

Mkeka. Mtoto anayetambaa angejibu. Ukitandikwa watu wanakaa, ukikunjwa na kuegemezwa ukutani wameondoka. Jumba zima lilikwisha kujua. Niliwaona wakinyanyuka wapate kushangilia ushindi wangu wa pili.

Nilifunga mdomo.

"Malenga?" Kunguru aliuliza.

"Nafikiri."

Mtu mmoja juu alicheka. Mwingine akapaza sauti, "Mkeka, we bwege!" Kunguru akamzomea. Masikio yangu yaliwaka moto. Sijawahi kushindwa mbele ya watu. Nimewahi kutembea hadi mtaa wa tatu kumfuata mtu aliyedai kanishinda, nikamwamsha, nikamjibu akiwa na shuka. Na sasa watu wote wale walikuwa wakinitazama nikikosa kitendawili cha mtoto wa chekechea, na kesho kila ukuta wa mjini ungeionyesha sura yangu.

"Silijui jibu," nikasema.

Chande aliinua uso. "Unalijua."

"Silijui, mzee. Sema: nipe mji."

"Kijana, usinihurumie. Mimi si ombaomba."

"Nakuhurumia wapi? Nimekosa jibu! Sema unachotakiwa kusema, watu wanangoja."

Alishika ukingo wa meza. "Nipe mji."

"Nakupa Kivumbasini."

"Huo umekwenda kwa Bi Siwema," Kunguru alisema.

"Huo ni wa mama. Huu ni wangu. Ni mfupi, unaishia kifuani, na mwenyewe ni mtoto mwenye magoti yenye vidonda. Lakini hakuwahi kutembea mji ule, mzee. Alikimbia tu."

Anayepewa mji ana haki ya kuukataa na kudai mwingine. Ndivyo tulivyocheza tangu zamani, na Jumba linaifuata hata hiyo. Chande aliifahamu haki yake. Alinyoosha kidole.

"Siutaki. Nipe mtaa unaokaa sasa."

"Mtaani kwetu nakaa kitako naandika mashairi. Utajuta."

"Beti zako zinatoka Kivumbasini. Chakula chako kimo humo. Siutaki!"

"Na mimi sina mwingine wa kukufaa." Niliinama juu ya meza hadi pua zetu zikakaribiana. "Sikiliza. Ukifika gerejini, kuna fundi wa baiskeli. Atakuita Sadala. Usimtanie. Mshike mkono wenye grisi, na ukutane na macho yake. Juu ya ukuta wa mzee Makame hutaona kitu, mtoto hafiki, lakini ukisimama pale saa ya jua kuna mwanga wa kijani chini. Sikuwahi kujua unatoka wapi. Utazame. Usiupite mbio."

Chande akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nitautazama," alisema. "Naupokea."

*

Nilipofungua macho mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Uso wake ulikuwa umelowa, naye anacheka.

"Gerejini!" alisema. "Tulijuana gerejini! Baiskeli haikuwa hata yangu, niliiazima ili nipate sababu ya kwenda. Sadala, unaukumbuka ule mlango wa bluu?"

Nilitafuta. Palikuwa na jina, na baada ya jina palikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Riziki alielewa kabla ya mama. Alikuwa ameona yote. Alikwenda kwenye kabati akachukua mashairi yangu, akanipa, nami nikasoma la juu, kwa mwandiko wangu mwenyewe:

*Kivumbasini nyumbani, harufu yako najua,*
*hata usiku gizani, mlango nautambua.*

Mizani ilikuwa sawa. Vina vilikuwa sawa. Nililisoma kama shairi la kijana mwingine, mwenye kipaji, ninayemwonea wivu. Harufu gani? Mlango upi?

Mama alinitazama, akamtazama Riziki, na hakuna aliyehitaji kumweleza. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Akaketi mkekani, akavuta miguu, akapiga goti langu kofi dogo.

"Kitendawili," alisema.

"Mama, si sasa."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Watoto wake walikuwa mia, maji yakamlaza, na bado anawaita kwa majina."

Nililijua. Kila mtu aliyehamishwa angelijua. Lakini kulijua jina la Kivumbasini hakukuwa kujibu, na safari hii sikujifanya.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Sina mji, Mama."

"Najua huna." Alinyanyua kidevu changu kama alivyokuwa akifanya akitaka kunichana nywele. "Basi leo nakupa mimi. Utepe wala ndege hawahusiki. Mdomo wangu na masikio yako. Wakitaka waje wauzibe huu, watanikuta hapa."

Kina kilikuwa kimeanza kujitafuta kichwani mwangu, kipya, kisicho na mtu. Niligeuza karatasi upande mweupe.

"Anzia mlangoni," nikasema. "Na usiruke kitu."